Unga Mweupe wa Mwaka wa Kiangazi

Nitaanza na wenye makosa, maana kwetu watu hupenda kuwaweka mwisho, na mwisho ukifika kila mtu amechoka anataka kwenda kulala. Wa kwanza ni bwana afya wa tarafa yetu. Wa pili ni naibu wa chifu, aliyetembea naye nyumba kwa nyumba na askari wawili nyuma. Wa tatu ni mimi. Majina yao siandiki, na langu siandiki. Wanaotujua wanatujua.

Niliolewa Moding nikitokea upande wa Butula, miaka ya sabini, wakati ng'ambo ya mto wa mpakani wanajeshi walikuwa wameshika serikali na kila wiki mtu alivuka kuja kwetu na godoro kichwani. Mimi Mmarachi, mama mkwe wangu Mteso. Lugha yetu ya pamoja ilikuwa Kiswahili, na cha kila mmoja kilikuwa na viraka. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne. Katika boma lile hakuna mwanamke mwingine aliyefika hata la pili, kwa hivyo la nne langu nililivaa kama kofia, sikulivua hata jikoni.

Kwetu tulipanda mihogo mitamu, ya kuchemsha na kula na chai. Moding walipanda ile michungu, kwa sababu fuko haigusi na kiangazi hakiiui. Mama mkwe, niliyemwita mama tu, alikuwa na njia yake ya kuitengeneza. Aliimenya, akaiacha juani mpaka ilegee, akaipanga juu ya majani ya mgomba kwenye kona ya jikoni, akaifunika kwa gunia kuukuu. Gunia lile halikuoshwa hata siku moja. Baada ya siku tatu au nne ungeliinua ukute rundo limeota manyoya, mengine meusi, mengine ya kijivu, mengine ya rangi ya kutu, na joto likupige usoni. Mama alikwangua ile kuvu kwa kisu, akaponda muhogo uliolainika, akauanika juu ya mwamba, kisha akausaga pamoja na nafaka ya wimbi. Ugali wake ulikuwa na rangi ya udongo, na harufu yake ilikupokea mlangoni.

"Mama, hii imeoza," nilimwambia wiki ya kwanza.

"Haijaoza. Imeiva."

"Imeiva kwa moto gani?"

"Hii manyoya ndiyo moto yake. Inapika polepole, haina moshi. Kula, binti ya Butula, utazoea."

Sikuzoea. Nilikula nikizuia pumzi.

Ndipo kukasikika habari za kipindupindu, na bwana afya akaitisha baraza sokoni. Alikuwa na soksi ndefu mpaka magotini na fimbo ndogo ya kuonyeshea uchafu. Akatuambia tuchimbe vyoo, tujenge vichanja vya kuanikia vyombo. Hayo yalikuwa ya maana, siwezi kumnyima. Halafu akafika kwenye mihogo.

"Mzungu anakula nini?" akauliza. "Mkate mweupe! Sukari nyeupe! Chumvi nyeupe! Nyinyi mnakula kuvu, kisha mnakuja kuniuliza mbona mnahara."

Mzee mmoja akainua mkono. "Na choo ya mtoto ya Mzungu, boss, pia ni nyeupe?"

Baraza lilivunjika kwa kicheko. Kesho yake choo cha mzee huyo kilikaguliwa mara mbili. Na amri ikatoka kwamba kila rundo la mihogo yenye kuvu litamwagwa, na mwenye boma atachimba mashimo ya vyoo vya shule wiki nzima.

Wengine walificha marundo yao chini ya vitanda. Mimi sikungoja hata askari wafike. Mama alikuwa ameenda Malaba kumwona mwanawe, mume wangu, aliyefanya kazi ya kupakua mizigo kwenye reli. Nikalibeba rundo lake lote, nikalitupa shimoni. Lile gunia nikaliosha kwa sabuni mara tatu, nikalianika kwenye ua ili kila apitaye aone.

Mama aliporudi alisimama mbele ya ua.

"Umeosha gunia."

"Ndiyo, mama."

"Sawa."

Akalipita gunia, akaingia jikoni. Afadhali angenichapa.

Tangu siku hiyo kazi ya unga ikawa yangu. Nilikata mihogo vipande, nikaviweka juu ya mwamba siku mbili au tatu. Jua la mwaka ule lilikuwa kali, mvua ndefu zilikuwa zimekosa kuja, na vipande vilikauka upesi vikawa vyeupe kama chaki. Unga wake uling'aa. Wanawake walikuja kuutazama. Bwana afya mwenyewe alipita, akauchota kwa vidole viwili, akasema, "Huyu ndiye mwanamke aliyesoma." Nilibeba maneno hayo wiki nzima kama mtu aliyepewa khanga mpya.

Sasa kiangazi kiliendelea. Wimbi likaisha, hatukuwa na kitu cha kuchanganya, na mihogo yenyewe ilizidi uchungu. Tukawa tunakula ugali wa muhogo mtupu na mboga kidogo, mara moja kwa siku, saa saba mchana.

Siku moja tulikula mimi na watoto watatu wa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Wavulana wawili na dada yao mdogo, wa miaka kama minne. Shemeji alikuwa ameenda kutafutia ng'ombe maji, mkewe alikuwa sokoni Chakol. Mimi ndiye niliyesonga ugali. Lakini katika boma lile mkono wa kugawa ni wa mama wa nyumba. Yeye ndiye hukata na kumpa kila mtu fungu lake. Mama akakata, akagawa, akajiweka kando na kiazi kimoja cha jana.

"Mama, huli?"

"Ugali ya hospitali hiyo. Kuleni nyinyi wasafi."

Haikupita saa moja kichwa kikaanza kunigonga. Miguu ikawa si yangu. Wavulana walitapika mapema, na hilo liliwaokoa. Mimi nilitapika nikiwa chini. Msichana hakutapika. Alilala karibu yangu juu ya ngozi akivuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima, halafu akawa havuti. Jua lilikuwa bado liko juu. Mimi nilibebwa kwenye baiskeli mpaka zahanati, nikarudi baada ya siku nne, nikakuta kaburi limeshapandwa majani pembeni.

Na nikakuta mama ameshahukumiwa.

Wazee wa ukoo walikuwa wameuliza maswali mawili tu. Ni mkono wa nani uliogawa chakula? Na ni nani ambaye hakula? Majibu yalikuwa mtu mmoja. Mimi hakuna aliyenishuku, nilikuwa nimekufa nusu. Shemeji alisema mama yake mwenyewe amewawekea wajukuu wake kitu chakulani, na hawezi kulala boma moja naye. Wakaamua kwamba mvua fupi zikianza, mama arudi kwa kaka zake ng'ambo, upande wa Tororo. Kila mtu aliyekaa pale alijua kwamba wanajeshi walikuwa wamepita kwa kaka zake. Mmoja hakujulikana aliko, na nyumba ya mwingine ilikuwa majivu. Kumrudisha kule ilikuwa kumtupa.

Nilimfuata jikoni. "Mama, nitawaambia. Unga ni wangu."

"Utaambia nini na hiyo tumbo?" Nilikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi mitatu, na sikuwa nimemwambia mtu. Yeye alikuwa ameiona. "Watakurudisha Butula. Mtoto atazaliwa bila boma. Nyamaza. Mimi najua njia ya Tororo hata kama nimefunga macho."

Nilitii. Katika maisha yangu sijawahi kutii jambo upesi hivyo.

Karibu na wakati huo mume wangu akaja kutoka Malaba na habari kwamba kuna msomi amekodi duka la vyumba viwili kando ya barabara ya Chakol, anataka mwanamke wa kuosha chupa, awe anajua mihogo. Nikaenda. Tulimwita Daktari ingawa hakutibu mtu. Mwanzoni watu walimletea macho na meno yao, akawa anawaelekeza zahanati kwa upole. Alikuwa kijana wa Kakamega, mwembamba, anasahau kula.

Chumba cha mbele kilikuwa na meza, darubini, jokofu la mafuta ya taa, na rafu za chupa. Cha nyuma kilinishangaza. Kulikuwa na visahani vya kioo vyenye vifuniko, na ndani ya kila kimoja kuvu: nyeusi, ya kijivu, ya rangi ya kutu. Mtu yule alikuwa anazifuga. Kila moja na kisahani chake, karatasi yake, na tarehe yake, kama ng'ombe wa maziwa.

"Nataka unitengenezee rundo," akaniambia. "Vile wanawake wa huku wanavyofanya."

"Bwana afya amekataza."

"Akija, mwambie rundo hili ni la serikali."

Nikatengeneza. Siku ya tatu tuliinua gunia tukakuta ute na funza. Nikajaribu tena, ikawa vilevile. Ilibidi niende kwa mama.

Alinisikiliza, halafu akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Kwa hivyo serikali imeshindwa kuozesha muhogo!"

"Mama, nisaidie."

"Umefunika ikiwa na maji. Iache kwa jua siku moja, mpaka ukiikunja ikubali. Usipange ikabanana, iache ipumue. Na gunia gani umetumia?"

"Jipya."

"Jipya ni ya nini? Ile moto inakaa kwa gunia. Enda kwa jirani, omba moja ambayo bado haijaosha."

Nilifanya hivyo, na rundo likaota manyoya hata Daktari akapiga makofi. Nikamweleza habari ya gunia, akaandika kurasa mbili.

Kisha akanionyesha karatasi zake. Zilikuwa vipande vyembamba vilivyochovywa dawa ya njano. Unaweka unga na maji kidogo kwenye chupa, unaning'iniza karatasi ndani bila kugusa unga, unaziba, unangoja hadi kesho. Sumu ikitoka kama hewa, karatasi inabadilika. Katika chupa ya unga wa rundo karatasi ilibaki njano, ikachafuka kidogo tu pembeni. Chupa ya muhogo ulioanikwa upesi juani ilikuwa na karatasi ya rangi ya tofali.

"Sijaelewa," nikasema.

"Ndani ya muhogo kuna sumu, lakini imefungwa," Daktari akasema. "Na ndani ya muhogo huohuo kuna kitu cha kuifungua. Kinaitwa enzaimu." Siku hizi nasikia redioni wanasema kimeng'enya. "Vinakaa nyumba moja, vyumba tofauti. Muhogo ukiwa mzima, havionani."

"Kama mimi na mume wangu. Yeye Malaba, mimi Moding."

"Ehe, hivyo hivyo. Sasa kuvu inalainisha kuta. Kuta zikianguka vinakutana, sumu inafunguliwa, inakuwa hewa, inakwenda zake. Ukiukausha mbiombio, kuta zinakauka zikiwa zimesimama. Sumu inabaki humo imelala. Unaisaga, unaila, inaamkia tumboni. Na mwaka wa kiangazi inakuwa nyingi zaidi."

Nyumbani kwangu kulikuwa na kibuyu chenye unga wa siku ile. Sikuwa nimeweza kuutupa wala kuugusa. Kesho yake nilileta kidogo kwenye leso, nikasema tu, "Pima na huu." Karatasi yake ilipita tofali, ikawa rangi ya ini.

Daktari aliishika kwa koleo, akaisogeza kwenye mwanga. "Huu umetoka wapi, dada? Kuna mtu ameula?"

"Umeliwa."

"Na nani?"

Nikamwambia. Sikumwambia nani aliusaga. Nilisema tu "unga wa nyumbani". Nikamwambia kwamba mama anafukuzwa, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Akavaa koti lake palepale. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini moyo alikuwa nao.

Wazee walikubali kukaa tena. Daktari aliweka chupa mbili juu ya kigoda, akaeleza kama alivyonieleza mimi, na wale wazee walisikiliza vizuri kuliko bwana afya, aliyekuwa ameitwa pamoja na naibu wa chifu na muda wote alikuwa anatazama saa yake. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupumua. Nilidhani karatasi itanifanyia kazi yangu.

Shemeji akasimama. "Asante sana, Daktari. Sisi tulikuwa tunabahatisha. Wengine walisema ni malaria, wengine wakasema ni jua. Sasa wewe umetuhakikishia kwa chupa kwamba sumu ilikuwapo. Bado mkono ulioitia tu."

"Hakuna mkono, mzee. Sumu ni ya muhogo wenyewe."

"Muhogo tumekula tangu babu. Mbona ulingoja mwaka huu, nyumba hii?"

Watu wakaguna. Karatasi ya Daktari, badala ya kumfungulia mama mlango, ilikuwa imeufunga kwa komeo. Akamgeukia bwana afya.

"Ni hawa waliokataza kuvu," akasema.

Bwana afya akanyanyuka polepole. "Mimi nilihubiri usafi. Sikumwambia mtu asijue kupika."

Naibu wa chifu akakohoa. "Barua ilitoka juu," akasema, akaketi. Hayo ndiyo maneno yao yote waliyotoa juu ya mtoto yule, na ninayaandika hapa kama walivyoyasema.

"Basi tuulize moja kwa moja," shemeji akasema. "Nani alitengeneza huo unga?"

"Ni mimi," mama akajibu. Aliketi chini amenyoosha miguu, hata hakuinua uso. Alisema kama mtu anayeulizwa nani amefunga mbuzi.

Mimi sikuwa nimepanga kusimama. Mke hasimami mbele ya wazee wa ukoo akakatiza. Nilijikuta niko juu, mkono tumboni, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka.

"Mama anadanganya. Rundo nililitupa mimi. Gunia niliosha mimi. Niliuanika mimi, nikausaga mimi, nikausonga mimi. Yeye alikuta ugali umeiva, akagawa kwa sababu ni kazi yake kugawa. Na hakula kwa sababu alikuwa amekasirikia unga wangu. Hakuna kingine."

"Na ulinyamaza muda huu wote?" shemeji akauliza.

"Nilinyamaza."

Alinitazama, halafu akatoka, akaenda zake kwenye njia ya mtoni. Mzee mkubwa akasema mama anabaki bomani mwake, na mimi pia nibaki mpaka nijifungue, kisha wataona. Hawakuona tena, jambo hilo lilikufa lenyewe. Hakuna aliyemwomba mama msamaha. Walimwuliza kama kuna maji ya kunywa, akainuka, akawaletea.

Bwana afya alihamishwa mwaka uliofuata, kwa kupandishwa cheo, akapewa pikipiki. Naibu akawa chifu. Daktari alifunga duka lake akaondoka na visahani vyake kwenye sanduku lenye majani makavu. Alisema ataandika, na naamini aliandika, kwa Kiingereza, mahali ambapo mimi na mama hatungefika. Yale ya gunia yatakuwa humo, sijui yameandikwa ni ya nani. Simlaumu sana. Yeye peke yake alivaa koti.

Lakini siku ya tatu baada ya kikao, asubuhi, mke wa shemeji alikuja jikoni kwangu. Hakuwa amefungua mdomo mbele ya wazee. Nilikuwa namenya mihogo. Nilipomwona mlangoni niliweka kisu mbali, maana nilidhani amekuja kunipiga, na nilikuwa tayari anipige. Akaketi.

"Siku ile nilikuwa Chakol," akasema. "Wewe ulikuwa hapa. Niambie."

"Nikuambie nini, dada?"

"Vile alikula."

Nikamwambia alikula kwa mikono miwili. Alisema ugali ni mweupe kama maziwa, akawacheka kaka zake kwa kula polepole.

"Aliomba kuongezewa?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimeshasema ukweli mara moja wiki ile na ulikuwa umenichosha.

"Aliomba. Chungu kilikuwa kimeisha. Nikampa nusu ya wangu."

Alielewa mara moja. Niliona akielewa kwa nini mimi, niliyekula nusu, niko pale nikimenya na mtoto wake hayupo. Mikono yake ilibaki mapajani. Nje kuku walikuwa wanagombania maganda.

"Miezi ile yote alikuwa analala akilia njaa," akasema mwishowe. "Basi siku hiyo alishiba."

Akavuta kisu cha mama kutoka kwenye paa la nyasi, akachukua muhogo upande wake wa kikapu, akaanza kumenya. Tulimenya mpaka kikapu kikaisha.